Vya Kuja Navyo

Barua ya jeshi ni fupi kuliko karatasi yangu ya dukani:
kitambulisho, cheti cha daktari, mswaki,
dawa kama unatumia, kufuli moja madhubuti.
Vingine vyote, wanasema, utavikuta huku.
Nimeisoma mara nne nikitafuta
mahali palipoandikwa mama.

Wavulana wa hapa Kuhmo huitwa na sheria.
Wewe, Saimi, ulijiita mwenyewe,
mwezi wa pili, ukimenya viazi,
ukasema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.
Baba yako akauliza, "Una hakika?"
Kiazi kikazunguka mkononi mwako, ganda halikukatika.
Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.
Basi mimi, miaka yote kumi na tisa, nilikuwa nalea nini?

Bibi yako Lempi alikuwa na miaka minne
alipopakiwa kwenye sleji chini ya blanketi la farasi,
ng'ombe wakafunguliwa, mlango ukaachwa wazi.
Usiku ule alifundishwa kulia bila sauti
na hadi tunamzika hakujua kulia vinginevyo.
Mpaka uko kilomita sitini kutoka jikoni kwangu.
Mpaka lini, nilitaka kuuliza. Mpaka wapi.
Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Wiki nzima Jouko hana la kusema
na ana mengi ya kufanya.
Amenoa kisu cha mkate. Amekaza skrubu za kiti kisicholegea.
Jana, saa tano usiku, nikasikia chumbani kwako
shuka likipigwa hewani: paa!
Anakufundisha kutandika.
"Kona iwe kali kama ya bahasha. Vuta. Tena."
Mtu ambaye katika ndoa ya miaka ishirini na mitatu
hajatandika kitanda chetu hata Jumapili moja.
Alikuwa kambini mwaka wa tisini,
na kumbe mikono haikurudi yote.

Mimi nimefuma soksi.
Jozi tatu, za kijivu, kama wapendavyo wao,
na ndani ya pindo, asipochungulia koplo yeyote,
uzi mmoja mwekundu.
Ni upuuzi. Soksi watakupa.
Nimefuma.

Kufuli lilikuja na funguo mbili kwenye kipete kimoja.
Ukakipanua kwa ukucha, ukaniwekea mmoja kiganjani.
"Nikipoteza," ukasema.
Kajaani ni kilomita mia; ukipoteza,
ningekufikishia na nini, na njiwa?
"Sawa," nikasema,
nikafumba kiganja juu ya ufunguo
wa kabati nisiloliona kamwe.

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Gari lililala uani limechomekwa umeme kama mgonjwa,
likaamka likikohoa.
Kituoni vijana saba na mabegi madogo,
na mama mmoja akimfunga mwanawe zipu ambayo tayari imefungwa.
Jouko alikupa mkono. Mkono, Saimi! Kama mkuu wa shule.
Kisha akasahau kuuachia.
Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na sentensi,
niliifanyia mazoezi tangu Krismasi.
Nikasema, "Una glavu?"
"Ninazo."
Basi likafunga mlango. Ulikaa upande wa pili,
upande usio wetu, na madirisha yalikuwa yameganda barafu,
kwa hiyo tulilipungia mkono bati.

Nyumbani, mlango wa chumba chako uko wazi.
Kitanda hukukitandika.
Blanketi limerundikana ukutani, mto umebonyea,
shuka limejikunja kana kwamba mtu kaenda tu kunywa maji.
Jouko amesimama kizingitini, koti bado mwilini,
vidole vinamwasha, namwona.
"Kiache," namwambia.
"Sikigusi," anasema,
na hasogei.