Usifute

Nimeikuta kanda kwenye droo ya cherehani,
mwandiko wa kaka yangu juu yake: USIFUTE.

Subotica, kipupwe cha themanini na tano.
Kompyuta ilivuka mpaka chini ya kiti cha gari,
mjomba Lazar kaiviringisha ndani ya sketi ya mkewe,
watu wa forodha wakaona aibu kupekua.

Vitufe vya mpira, laini kama ufizi wa kichanga.
Tuliichomeka kwenye runinga ya mama,
mama akakosa tamthilia yake mwezi mzima.

Jumamosi usiku redio ilitutumia programu:
si maneno, ni mkwaruzo tu,
nyuki waliofungiwa ndani ya debe.
Vojin aliegemeza kipaza sauti kwenye spika,
sote tukabana pumzi.
Baba akakohoa.
Vojin akamtazama kama anayemtazama mhaini.

Kisha dakika sita za kungoja,
michirizi ya rangi ikikimbizana pembezoni mwa kioo,
halafu kosa. Rudisha nyuma. Anza tena. Kosa.
Kanda hii haikufunguka hata siku moja.

Vojin yuko Winnipeg sasa,
hunijibu kwa kikaragosi cha kidole gumba.
Simu yangu huwaka kabla sijajua ninataka nini.

Redio ya kaseti bado nzima. Naibonyeza.
Nyuki wale wale, debe lile lile,
majirani wanagonga ukuta, waache wagonge,
nangoja kama zamani, mikono magotini,
mpaka pale, karibu na mwisho,
baba anakohoa.