Sentimita Thelathini

Barua ilifika Jumanne, na mhuri wa halmashauri:
fedha zimepatikana.
Miaka thelathini na mmoja tangu tanuru lizimwe
huku Silesia. Kampuni ilikwisha kufa bila wosia;
iliacha bomba la moshi, kiota cha korongo juu yake,
na risasi.

Nasema risasi, na lugha yangu inanichoma:
neno moja kwa madini na kwa kitokacho bundukini.
Hii haikulia. Ilishuka polepole na moshi,
ikalala bustanini, Mtaa wa Wayeyushaji,
kwenye figili, kwenye mikunjo ya shuka zilizoanikwa,
chini ya kucha za Gerard alipokuwa na miaka minne,
na baadaye mwalimu akaandika: mzito wa kuelewa.

Sasa mafundi wamekuja na buti nyeupe.
Watachimba sentimita thelathini, si thelathini na moja,
watajaza udongo mpya kutoka mbali,
kuanzia namba mbili hadi namba arobaini na sita.

Otylia anakaa arobaini na nane.

Alikwenda ofisini amevaa koti la mazishi.
Binti wa dirishani akamwonyesha ramani, mstari mwekundu:
"Bajeti inaishia hapa, bibi."
"Na upepo," akauliza, "uliishia wapi?"
Binti akatazama kalamu yake. Hakuwa mtu mbaya.
Alikuwa na ramani tu.

Wala nyama waliondoka zamani;
mifupa tunachangishana kuiokota.
Kila mwezi pensheni ya mjane hukatwa kodi,
yaani naye ameununua udongo ule,
kijiko kimoja, labda viwili,
na umelazwa upande wa pili wa uzio.
Alojzy alisimama tanuruni miaka ishirini na sita.
Mapafu yake hayakuingizwa katika mradi.

Alhamisi, saa tano za usiku, gurudumu linalia.
Ni Gerard wa arobaini na sita, anasukuma toroli:
udongo mweusi, wa serikali, wenye risiti.
Haongei. Anamwaga, anarudi, anamwaga,
mpaka linapatikana tuta moja, upana wa mlango.
Otylia ameshika tochi, anapima kwa rula ya shule.
Kumi na tisa.

"Figili hazina mizizi mirefu," anasema Gerard,
na anageuza toroli.