Bidoni ya Tatu

Jumanne, soko la Kadutu, matope hadi kifundoni,
nilinunua bidoni tatu za mawese ya Fizi
kwa ajili ya kile chumba kimoja tunachokiita maabara,
nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Ya kwanza ilikunywa soda matone kumi na tisa
kabla kichupa hakijageuka waridi.
Ya pili, ishirini na mbili: mafuta ya kukwaruza koo,
ya chikichi zilizolala chini siku sita zikisubiri pipa,
kisha yakapanda Ngomo juu ya lori bovu.
Ya tatu, matone mawili.

Nikaosha mrija. Nikarudia.
Mawili.
Nikamshuku aliyeniuzia soda,
nikajishuku mwenyewe, maana usiku ule sikulala.
Mara ya nne nikavua koti, nikarudi Kadutu.

"Mama Ebuela, haya uliyatoa wapi?"
Alikuwa akipima kwa chupa ya bia, hakuinua macho.
"Mti wa mamamkwe, kule Mboko, nyuma ya choo.
Mafuta yake hayajui kuchacha.
Wakati wa vita tuliyaficha chini ya kitanda miezi saba,
tukarudi, tukapikia sombe, kama ya jana."

Tone la mafuta ni mkono wenye vidole vitatu.
Chikichi likianguka, likichubuka,
kisu kidogo huamka ndani ya nyama yake
kikaanza kukata vidole, kimoja, kimoja,
na kila kidole kilichokatika ni ukali kooni.
Mti wa Mboko ulizaliwa na kisu butu.
Baba alitoa butu, mama akatoa butu.
Angetoa mmoja tu, makali yangeshinda.

"Na mbegu zake?"
"Nilipanda kumi na mbili. Nikangoja miaka mitano.
Yote yanachacha, kama ya watu.
Wifi anasema nilizipanda kwa mkono mbaya.
Mwezi ujao tunaing'oa, tuweke mihogo."

"Na mti wenyewe?"
Akakaza kizibo kuliko kilivyohitaji.
"Wenye bunduki waliuangusha, wakanywa tembo lake siku tatu.
Hiyo bidoni yako ndiyo mkungu wa mwisho."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Nikamwomba kiberiti, nikapanga njiti juu ya gunia:
yenye kichwa, makali; niliyoivunja kichwa, butu.
Kila mti na njiti zake mbili.
Fukusi walileta chavua ya michikichi ya jirani,
wale kumi na wawili wakapata moja hii, moja ile.
"Wote wanachacha, Mama, na wote wameibeba.
Usiwang'oe. Ua la mmoja lifunge kwa mfuko,
fukusi asiingie, ulipe chavua ya nduguye.
Katika wajukuu wanne, mmoja..."

"Mmoja wa hakika?"
"Hapana. Ni kama karata. Wanne waweza kukunyima wote.
Panda arobaini, hutakosa."

"Arobaini."
Alizitazama njiti muda mrefu. Mvua ilianza kugonga mabati,
mwuza ndagala wa pembeni akafunika meza yake kwa turubai.
"Nina miaka hamsini na minane.
Na hilo shamba la arobaini, leo liko mikononi mwa nani?"

Sikuwa na njiti ya swali hilo.

Akaja mteja, mtoto wa shule, anataka nusu chupa.
Mama Ebuela akampimia, akaongeza matabisi,
akapangusa vidole, akaiokota ile isiyo na kichwa.
"Unaiita butu," akasema. "Hii imenyamaza tu."
Akaifunga kwenye pindo la kitenge, pamoja na franga,
akaniomba nimrudishie kiberiti chake.

Bidoni ya tatu haikwenda kwenye sabuni.
Nimeiandika tarehe, nimeiweka chini ya kitanda.
Kila Jumanne natoa kijiko, nahesabu matone.
Bado mawili.