Bobini

Nje, nyuzi joto arobaini na sita.
Ndani, nyumbani Mabela, nyuzi za mama yangu:
buluu, zabibu, rangi ya mchele,
kila uzi na bobini yake
katika kopo la biskuti lisilojaa.
Kofia ya Mundhir imefika tundu la mia mbili.

"Hasa unafanya kazi gani, Thuwaiba, huko Al Khoudh?"
Kaniuliza kwa Kiswahili.
Kiarabu chake ni cha dukani na cha wageni.

Nikachukua bobini.
Mama, karibu kila seli ya mjukuu wako
ina uzi wa mita mbili,
toka sakafuni hadi kizingiti cha juu cha mlango,
na chumba cha kuuwekea hakionekani kwa jicho.
Ungefanyaje?
"Ningeukunja."
Ungetatizana.
"Basi ningeuzungushia kitu."

Kitu hicho ndiyo kazi yangu.
Histoni: protini nane zimeshikana
kama tende zilizosahaulika kiganjani;
uzi unazizunguka mara mbili kasoro,
unaruka kidogo, unazunguka nane nyingine,
mamilioni ya bobini, na fundo hakuna.
Uzi una chaji hasi, protini chaji chanya.
Hakuna gundi, mama. Ni kutakana tu.

"Ajabu," akasema. "Mimi na baba yako tulihitaji gundi."

Nikacheka, kisha nikanyamaza,
maana kilichobaki kinamhusu Mundhir,
mwanangu, miaka saba, seli mundu,
amelala chumba cha pili
magoti chini ya blanketi, kwenye joto hili.

Ipo jeni ya damu aliyoitumia tumboni mwangu,
damu isiyopinda kuwa mundu.
Alipozaliwa ikazungushwa, ikakazwa, ikafungiwa koponi.
Haikufutwa.
Imo ubohoni mwake usiku huu,
imekazwa mno haisomeki.
Tunatafuta dawa ya kulegeza mizunguko michache,
pale tu, bila kufumua kofia nzima.

"Mmeweza?"

Kwenye kisahani. Siku nne.
Ya tano ikajikaza tena.

Hakusema pole. Alinyoosha mkono:
nilikuwa nimeifumua bobini yake yote,
uzi wa zabibu umelala zuliani hadi mlangoni.
Akaanza kuuzungusha upya, taratibu, akiupitisha kati ya vidole viwili.

Chumba cha pili, mtoto
ambaye hajawahi kutujibu ila kwa Kiarabu
akageuka usingizini:
"Bibi. Maji."

Mama akainuka na bobini mkononi,
uzi ukimfuata.