Mvua ya Ubeti wa Tatu

Ubeti wa tatu, kwetu Machame, ulikuwa mvua.
Sekunde kumi na nane za mvua juu ya bati,
ng'ombe analia mbali, kisha gitaa linarudi
kama mtu aliyetoka kidogo kufunga zizi.

Hatukuuliza. Mtoto haulizi kwa nini mto una kona.
Kila Krismasi, kaseti ikifika pale,
ukoo mzima ulinyamaza, mikono juu,
tukapiga makofi matatu, tukaendelea kuruka.

Mwaka huu Kaanaeli kapanda kutoka Dar
na spika nyekundu, kubwa kama pipa la mbege.
"Nimeupata," akasema. "Wenyewe. Hauna mikwaruzo."
Tukapiga kelele. Baba mdogo Ndelilio
akaweka chini kisu na paja la mbuzi.
Ubeti wa kwanza. Wa pili. Mikono juu

na mvua haikunyesha.

Alikuja mwanamume, sauti nzuri, naapa, nzuri kabisa:

*Sikukuu imefika, kila mama na kitoto,*
*mgumba naye kafika, kapakata lake pato;*
*mpeni mbuzi abebe, naye aonje uzito.*

Makofi yetu yakakosa pa kuangukia.
Mtu mmoja akacheka. Nilikuwa mimi.
Vina vile vimepangwa na fundi,
mguu ulishatikisika kabla sikio halijaelewa.

Shangazi Aikaruwa alikuwa anamenya ndizi,
vidole vyeusi kwa utomvu. Hakuinua kichwa.
Aliyeinuka ni Tulinagwe, mke wa Kaanaeli,
binti wa Tukuyu, mwaka wa sita wa ndoa.
Akachukua ndoo, akashuka bombani.
Ndoo ilikuwa imejaa.

Ndelilio akasema: "Wimbo wa zamani huo.
Watu walitaniana, wakala pamoja, wakalala.
Ukianza kuchambua nyimbo kama mchele
utabaki na sinia, Krismasi huna."
Ndeshi akamjibu: "Haya, upigwe.
Ila mbuzi utambeba wewe, mgongoni, mpaka kanisani."
Watu wakacheka, safari hii kwa kukohoa.
Kaanaeli alishika simu kama mtu aliyeshikishwa
mtoto wa wenyewe aliyejikojolea.

Mimi nikaingia ndani, kwenye kabati la vyombo vya wageni.
Kaseti ipo. Utepe umejikunja, hautazunguka tena.
Na kile kitundu cha juu, kinachovunjwa
ili mtu asifute wimbo, kilikuwa kimezibwa
kwa karatasi ya peremende, ya kijani,
iliyokunjwa mara nne na mkono usio na haraka.

Angeweza kuuchana utepe kwa mkasi.
Angeweza kumtukana yule bwana, sauti yake ikabaki humo
hadi leo. Lakini gitaa lile alilipenda,
yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka, kila mwaka,
khanga kiunoni, akituonyesha pa kupiga makofi.
Nikamwona: watu wameshateremka mjini,
nyumba ina redio na yeye, kidole kwenye kitufe chekundu,
anahesabu, hasemi neno,
anaiachia mvua imwimbie ubeti wake.

Nikampelekea kaseti pale kwenye maganda.
Akaitazama kama picha ya mtu aliyemdai pesa.
"Ilikuwa Aprili," akasema.
"Na yule ng'ombe sikumwita."

Tulinagwe akarudi na maji yale yale.
Akaitua ndoo, akavuta kigoda, akaomba kisu.
Wakamenya. Ndizi zikawa nyingi kuliko wageni.

"Niendelee au nizime?" Kaanaeli akauliza,
kidole gumba juu ya kioo,
na sisi tukatazama juu, sijui kwa nini, wote:
Desemba, Kibo nyeupe, wazi mpaka shingoni,
wala hapakuwa na wingu la kuazima.