Yadi Nane za Sufu

Siku ya tatu suruali ya jinzi ilinishinda.
Mawlamyine, mwezi wa Mei, mvua bado haijashuka:
hewa ni supu, mtu aipumue kwa kijiko.
Mapaja yalichubuka, harara zikachanua
pale mkanda unapobana, nikawa natembea
miguu mbalimbali, kama aliyeshuka farasi
baada ya juma zima.

Nikafungua sanduku. Chini kabisa
ilikuwa imelala kilti ya marehemu baba,
sketi ya sufu, marinda nyuma, yadi nane,
ile niliyoivaa saa tatu tu
kwenye harusi ya mwanao Bangkok,
ndani ya hoteli, chini ya kiyoyozi.

Kwetu Oban, Effie, unajua mwenyewe:
mwanamume akiivaa siku isiyo na harusi
hafiki kona ya posta kabla mlevi mmoja
hajamuuliza kuna nini ndani.
Miaka thelathini na moja nimegawa barua mji ule
kwa suruali ya serikali, hata Julai,
kwa kuliogopa swali hilo.

Basi nikatoka, moyo nimeukaza
kama anayekwenda kung'olewa jino.
Na barabara nzima, naapa, barabara nzima
ilikuwa ya wanaume wenye sketi.
Karani wa benki. Afisa wa forodha.
Mwalimu juu ya baiskeli, chaki sikioni.
Mzee mmoja alisimama katikati ya njia,
akaufungua msuli wake mbele ya ulimwengu,
akautandaza kama mbawa, akaukunja,
akapiga fundo, akaenda zake,
sigara haijamtoka mdomoni.
Hakuna aliyeniuliza kuna nini ndani.

Daw Ohn Yin peke yake, muuza uduvi wa kusaga,
ndiye aliyenisimamisha.
Akashika pindo kwa vidole vyenye chumvi,
akalipima uzito, akasikitika.
"Nani amekuvisha blanketi?" Mwanawe akatafsiri.
"Una homa?"
Nikasema ni vazi la heshima, la mababu.
Akafikiri kidogo, akifukuza nzi.
"Pole. Mababu zako waliona baridi sana."

Jioni U Thaung Sein, mwenye nyumba ya wageni,
akaniletea msuli wa pamba, wa buluu, miraba midogo,
wao huuita longyi,
umeshonwa ukawa gunia lisilo na kitako.
Alinifundisha fundo mara kumi na moja.
Vuta kulia. Vuta kushoto. Ingiza tumbo. Sokota. Chomeka.
Mara ya nane liliachia nikiwa kwenye ngazi,
na mjukuu wake wa miaka sita
akanidaka kiunoni kwa mikono miwili,
uso mkavu, kama mtu mzima
anayezuia mlango usibamizwe na upepo.

Kisha yeye akaiomba kilti. Haki yake.
Nikamkaza mikanda, akaenda nayo mkahawani.
Nusu saa haikwisha karudi,
jasho linamdondoka kidevuni.
"Nyuma ni tamu," akasema, "namna inavyotikisika.
Lakini mbele, ndugu yangu,
nimebeba kondoo mzima."

Siku zilizobaki nilikaa gatini, Thanlwin ukipita
mzito, rangi ya chai ya maziwa,
na kila upepo uliotoka mtoni
ulipanda miguuni bila kubisha hodi.

Effie, usikasirike.
Kilti ya baba imebaki kule.
U Thaung Sein anasema Januari
huwa na alfajiri mbili za baridi, pengine tatu,
naye ameipigilia msumari wake ukutani.

Hapa kunanyesha tangu Jumanne.
Nakuandikia jikoni, nimejifunga ule msuli,
chini yake soksi za sufu, jozi mbili.
Asubuhi mgawa barua mpya alibisha,
kijana, bahasha yako mkononi,
macho hayajui pa kutua.
Nikampokea, nikakaza fundo palepale mlangoni.
Nikamwambia, uliza tu.