Zizi la Futi Hasi Nane

Ragna ana miaka kumi na mitano, na shule yake
iko juu ya meza ya jikoni, kati ya chupa za kuwanyonyeshea wana-kondoo
na bili ya umeme ambayo sijaifungua.
Basi la njano hupita barabara kuu alfajiri
wala halikati kona kuja kwetu. Tulilikataa wenyewe,
mwaka ule theluji ya Dakota ilipotufungia siku tisa
na mwalimu akaandika "mtoro" mbele ya jina lake.

Sasa aljebra inamjia kwa mtandao,
mtandao unaojikokota kama kondoo mwenye mimba ya pacha.
"Nenda kwa mwendo wako," kioo humwambia kila asubuhi.
Mwenda pole hajikwai, sawa,
lakini huyu ameketi kabisa.
Siku ya kumi na moja, somo ni lile lile la kumi na nne:

Upana wa zizi ni x.
Urefu umezidi upana kwa futi tano.
Eneo ni futi za mraba ishirini na nne.
Tafuta x.

Nikimuuliza, anasema, "Nafikiri."
Nikimuuliza tena, anavaa buti, anakwenda kutazama kondoo.

Mimi hesabu niliziacha darasa la kumi
nikaolewa na mtu aliyezijua:
wiki mbili kwenye visima vya mafuta, moja nyumbani;
kisha tatu kwa moja;
kisha tano kwa sifuri.

Usiku wa zamu yangu nilirudi kutoka bandani
vidole vikinuka iodini, usingizi umenipita.
Nikafungua kompyuta. Nikaingia kwa jina la binti yangu
kama mwizi anayeiba kazi ya kufanya.

Jibu nililijua kwa mikono. Zizi letu la kuzalishia
ni tatu kwa nane, misumari niliipigilia mwenyewe.
Lakini kioo hakitaki mikono, kinataka njia,
basi nikaipindua bili ya umeme nikaandika mgongoni mwake:
x mara x, jumlisha tano x, toa ishirini na nne.
Nikakosea. Nikakosea tena. Jiko likazima, nikaliwasha.
Ndipo mabano yakaachana, moja huku, moja kule,
na majibu yakatoka mawili, mapacha:
tatu.
Au hasi nane.

Nilicheka peke yangu. Fundi gani huyo
apige mbao za futi hasi nane,
na humo aingize kondoo gani?
Nikalifuta. Nikajaza tatu, nikabofya.
Nusu alama.

Asubuhi Ragna alisoma rekodi yake, mkate mdomoni.
"Mama. Saa nane na dakika arobaini usiku mimi nilikuwa nimelala."
Nikatazama sinki.
Akaigeuza bili, akafuata hesabu yangu kwa kidole, polepole,
mstari hadi mstari, hakuna aliyewahi
kusoma mwandiko wangu hivyo.
"Hapa umefuta."
"Haliwezekani, lile."
"Najua. Lakini limetoka kwenye mlinganyo, ni lake.
Usilifute. Liandike,
halafu useme kwa nini unalikataa."

Kumbe ndipo alipokuwa siku zote kumi na moja.
Hakukwama kwenye tatu.

Nikachukua kalamu. Nikaandika: hasi nane.
Nikaandika: nalikataa kwa sababu
na kalamu ikasimama.
Karibu na mlango, msumari wa koti lake bado uko,
na chini yake ukuta umekwaruzwa na zipu, miaka kumi na miwili.

Ragna hakunihimiza. Alinisogezea kahawa.
"Kwa mwendo wako," akasema, bila kucheka,
akavaa buti.
Bandani yule pacha wa pili alikuwa analia njaa
na maziwa yalikuwa bado hayajapata moto.